Mlima Haumo Kwenye Hesabu

3 Februari

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu,

Nimeula! Kaa chini kwanza, maana habari hii si ya kusoma mtu amesimama. Mjomba wako nimepewa lori jipya. Sisemi jipya la kupakwa rangi, nasema jipya lenyewe, viti bado viko ndani ya nailoni, nikikaa vinalia kwacha kwacha kama ninafunguliwa zawadi. Kiyoyozi kinapuliza hadi nimeanza kuvaa soksi. Breki ukizigusa kidogo tu, linasimama kama limeitwa na mama yake. Nikipita yadini wenzangu wananiangalia kama bwana harusi. Mimi nilizaliwa na bahati, mpwa wangu. Wengine wamepewa shule, mimi nikapewa bahati, na ukiangalia sana hatujapishana mbali.

Sasa salamu, kabla mama yako hajasema sina adabu. Hajambo. Goti linamsumbua akikanyaga cherehani kwa muda mrefu, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayeshona. Amepata kazi ya sare za shule nzima, nyumba imejaa vitambaa vya kijani, na paka hakuona mahali pengine pa kuzalia isipokuwa humo humo. Kwa hiyo kuna wanafunzi watakaovaa manyoya mwaka huu.

Turudi kwenye lori, maana hujaniuliza nimelipataje. Unamkumbuka bosi wetu, yule tunayemwita Bwana Wastani? Kwake kila kitu ni wastani. Alichukua lori moja, akaliendesha njia ya bondeni, ile iliyonyooka kama rula, akaona linakula dizeli kiasi gani, akaandika kipimo chake na kukibandika ukutani. Basi! Kipimo hicho hicho kwa kila njia. Sisi wa njia ya mlimani tunapanda tukilia na gia ya kwanza, tunashuka breki zinanuka, tunarudi tanki kavu, halafu anatuuliza mafuta tumemuuzia nani. Madereva watu wazima, wenye wajukuu, wanaitwa wezi na karatasi ya ukutani.

Asubuhi moja nikachoka. Tulikuwa tumepanga mstari mbele ya ofisi.

"Bosi," nikamwambia, "hiyo karatasi yako ni ya uongo."

"Ya nini?"

"Ya uongo. Umepima tambarare, halafu unatuhukumu mlimani. Mlima haumo kwenye hesabu yako. Panda na mimi leo, tena ukae mbele, uone tanki linavyoshuka."

Hata fundi aliyekuwa chini ya tela alitoa kichwa. Bwana Wastani akanitazama, nikamtazama. Halafu akacheka, akanishika bega, akasema mbele ya wote, "Kumbe mwanaume kwenye yadi hii ni mmoja tu." Ufunguo huo mkononi.

Haya, na wewe? Mama yako anatangaza mtaa mzima kwamba unapima ulimwengu. Watu wananiuliza, "Anapima kwa kamba gani?" Mimi najibu, "Kamba ndefu," naondoka haraka. Nieleze kama unavyomweleza dereva aliyeishia darasa la sita. Usijaribu kupiga simu, yangu imetumbukia kwenye ndoo ya sabuni. Na huko kwenu mlimani najua mtandao hakuna, basi tuandikiane kama wachumba wa zamani.

Mjomba wako,
Mwenye Kiyoyozi


11 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa sana kule chini, kwa sababu gari la mahitaji hupanda huku kwa kubahatisha. Nimeisoma kwa sauti jikoni, mpishi akacheka hadi akaunguza sufuria. Anasema akimaliza mkataba wake anakuja kuomba lifti, si kwa ajili ya kwenda popote, ila aonje kiyoyozi.

Mimi mzima. Ni baridi tu. Chumba changu kina kitanda, meza na hita inayokohoa. Nje ni mawe matupu, na juu ya mawe kuna kuba jeupe ambamo darubini yetu inakaa. Mwambie mama soksi zimefika na zinanitosha. Mwambie pia aangalie hilo goti, asiniambie "nitaangalia".

Umeuliza napima kwa kamba gani. Kamba yangu ni mwanga, mjomba. Kuna nyota ambazo zikifika mwisho wa maisha yake hulipuka, na za aina moja hulipuka kwa mng'ao unaokaribia kulingana, kama taa za malori yaliyotoka kiwanda kimoja. Ukiiona ni hafifu, ujue iko mbali. Hapo umepata umbali. Halafu mwanga ule, wakati uko safarini kuja kwetu, unavutwa, kwa sababu ulimwengu wenyewe unatanuka, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kuwa mwekundu. Hafifu kiasi gani, mwekundu kiasi gani: ukiweka hayo mawili pamoja unapata kasi ya ulimwengu kutanuka. Ndiyo kazi yangu. Nimekusanya nyota za namna hiyo, nimepiga hesabu, nimepata namba.

Namba ilikuwa nzuri. Profesa anayeongoza kikundi chetu aliitangaza, tukakata keki, watu wakanipa mkono.

Sasa nakuambia wewe kabla sijamwambia mtu yeyote. Nadhani namba yangu si sahihi.

Katika hesabu tunachukulia kwamba ulimwengu umejaa sawasawa kila mahali, kama unga uliotandazwa kwenye sinia. Si kweli, na wote tunajua si kweli. Galaksi, yaani yale makundi makubwa ya nyota, zimejikunja pamoja kama nyuzi na kuta, na katikati yake kuna sehemu tupu, kubwa ajabu. Pale palipojaa, vitu vinavutana na kupunguza mtanuko. Pale palipo patupu hakuna wa kuvuta, basi panatanuka haraka zaidi. Tunasema haidhuru, ukichukua wastani vinafidiana. Lakini nyota zangu nyingi ziko upande mmoja wa anga, kwa sababu upande wa pili hapa kwetu mawingu hayaondoki. Na upande huo wangu una sehemu tupu moja kubwa mno. Huenda nimepima utupu huo, nikatangaza kwamba nimepima ulimwengu.

Mwezi wa Juni wageni wanakuja, mabingwa wenyewe. Profesa atawaonyesha namba yangu, na kikundi chetu kitaongezewa muda au kitavunjwa kufuatana na watakavyoiona. Nikisema kweli, jibu letu zuri linageuka kuwa "hatujui vizuri", na nafasi yangu hapa, ambayo tayari ni ya kuongezewa-ongezewa, sioni nani ataitetea.

Nimesoma ile habari ya Bwana Wastani mara nyingi. Ujasiri ule uliutoa wapi?

Mpwa wako


30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Samahani kama karatasi imelowa pembeni, ni maji tu. Mama yako hajambo, goti limeangaliwa, ameambiwa asikanyage cherehani, basi anakanyaga kwa mguu wa pili. Watoto wa paka wamefumbua macho. Mmoja ana sura ya Bwana Wastani kabisa, nimemwambia mama yako amgawe huyo kwanza.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Ya nyota kulipuka nimeielewa. Ya taa ndiyo nimeielewa zaidi, kwa sababu hapo umeingia kwenye fani yangu. Ila nikuonye. Taa hafifu si lazima iwe mbali! Zamani nikiwa kijana, nataka kulipita gari mbele yangu, naona taa mbili kule zinameta kidogo kama za baiskeli. Nikasema huyo yuko mbali, nikaingia upande wake. Kumbe ni lori kama langu, taa zimejaa matope, liko puani! Nilirudi upande wangu kwa neema tu, na yule dereva alinitukania ukoo mzima, na mama yako akiwemo, naye hakuwa na kosa. Basi angalia nyota zako zisiwe na matope.

Na mtanuko umenishinda kidogo. Hizo galaksi zinakimbilia wapi? Anayeziendesha nani? Mimi nimewaeleza watu hapa kwamba ulimwengu ni barabara yenye mashimo, na magari yaliyoko kwenye mashimo huenda taratibu. Wamenipigia makofi. Kama nimekosea niambie kwa siri.

Sasa hilo la ujasiri. Mpwa wangu, usikurupuke. Mabosi hawafanani. Wa kwangu siku ile aliamkia upande mzuri wa kitanda. Wa kwako simjui. Profesa ni mtu mzima, amekata keki, amepeana mikono; ukimvua nguo mbele ya wageni atafanyaje? Kwani namba hiyo imeua mtu? Kuna lori linalopinduka kwa sababu ulimwengu unatanuka haraka kidogo au polepole kidogo? Labda mwambie pembeni, akiwa ameshiba. Labda subiri uongezewe muda, halafu ndiyo useme. Labda usiseme. Mimi sijasema usiseme. Nasema usikurupuke.

Kula vizuri. Vaa soksi mbili mbili.

Mjomba wako


27 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama ameniandikia. Anasema goti ni zima kabisa, kwa hiyo najua bado linauma. Anasema pia kwamba wewe unalala kile chumba cha nyuma, na kwamba umekarabati bawaba ya mlango wake. Nilifurahi. Nilishangaa pia, kwa sababu dereva wa njia ya mlimani nilidhani hulala njiani. Na barua zako zote zina muhuri wa posta ile ile ya mtaani kwenu. Labda lori liko matengenezo. Sikuulizi.

Kuhusu matope: umenipata vizuri, vumbi lipo kweli huko juu, na huifanya taa ionekane hafifu. Ila hilo tunalijua, tunalipima na kulitoa kwenye hesabu. Kuhusu barabara: hapana, mjomba, waambie waliopiga makofi warudishe. Galaksi haziendeshwi na mtu. Barabara yenyewe ndiyo inayorefuka. Wewe umepaki hapa, mwenzako amepaki kule, mmezima injini, mnakunywa chai, na bado mnazidi kuachana. Na hairefuki sawasawa: penye watu wengi inasita, penye utupu inakwenda mbio.

Nimefanya hesabu upya. Badala ya unga kwenye sinia, nimetumia ramani ya galaksi zilivyo hasa, rundo kwa rundo, tupu kwa tupu. Namba imeshuka. Na pembeni yake lile tunaloliita shaka, yaani kiasi ambacho huenda tumekosea, limekua nene hata namba yenyewe inaonekana kama imejificha nyuma yake.

Nikafuata ushauri wako, nikamfuata profesa pembeni, baada ya chakula. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kuishika darubini.

"Umechoka," akaniambia.

"Sijachoka, mwalimu. Angalia upande huu wote mtupu."

"Utupu upo kila mahali. Ukiwa na nyota za kutosha, wastani unameza kila kitu."

"Hatuna za kutosha. Na tulizonazo ziko upande mmoja."

"Binti, unajua watu wangapi wamekalia namba hii?" Halafu akatazama sahani yake. "Tutaliandika. Mwakani."

Mwakani, mjomba. Baada ya wageni. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwenye baridi, kwa sababu nilimsikia Bwana Wastani waziwazi, ila huyu kavaa sweta zuri.

Nimeamua. Mkutano ni wiki ya pili ya Juni, na nimepewa dakika chache za kueleza jinsi tulivyokusanya nyota. Humo ndimo nitasema. Naogopa. Lakini kila nikiogopa najiambia hivi: mjomba wangu alisimama mbele ya yadi nzima, akasema, na hakufa, alipewa lori. Hilo ndilo nimelishika.

Kama kuna neno la kuniambia kabla ya siku ile, liandike upesi, barua zinachelewa.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Hapa mvua. Mama yako amemaliza zile sare, amelipwa, amenunua taa ya mezani ya kushonea, sasa anashona kama daktari wa upasuaji. Paka tumegawa wote isipokuwa yule wa sura mbaya, mama yako amempenda. Jirani wa kushoto amepaka ukuta rangi ya waridi, tunasubiri apone.

Lori, kama ulivyobuni mwenyewe, liko matengenezo. Magari mapya haya, umeme mtupu. Waya mmoja ukikohoa, lori zima linalala. Ndiyo maana unaona posta ile ile. Una macho, mtoto wewe. Unatazama hadi mihuri!

Hiyo ya barabara inayorefuka yenyewe nimewaambia wenzangu. Mmoja akasema anaijua, ndiyo ile ya kurudi nyumbani siku hujalipwa. Nikamwambia hiyo ni tofauti, hiyo inarefuka upande wako tu. Wakacheka. Nikajiona profesa.

Kuhusu lile lako la Juni. Nina neno. Ni neno refu kidogo na leo mkono unauma, umekauka vidole vyote. Nitakuandikia wiki hii hii. Wewe fikiri taratibu.

Mjomba wako


21 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ya Mei nimeipata juzi, mkutano umeshapita. Ile nyingine ya neno refu haijafika, labda iko kule chini ofisini na gari halijapanda.

Nimesema.

Chumba ni kidogo, kina viti vya kukunja, na pazia moja halifungi, kwa hiyo jua lilikuwa linanipiga jicho moja. Profesa alionyesha namba kwanza. Akaeleza vizuri, anaeleza vizuri siku zote. Zamu yangu ilipofika nikaonyesha jinsi tulivyokusanya nyota, kama nilivyopangiwa, halafu nikaweka ukutani ile ramani. Nyota zetu zote, na nyuma yake ule utupu. Nikasema, "Namba mliyoonyeshwa nimeikokotoa mimi. Nilichukulia ulimwengu umejaa sawasawa. Upande tuliotazama haujajaa sawasawa. Nikihesabu ulivyo kweli, namba inashuka, na siwezi kuwaambia imeshuka hadi wapi."

Kisha mgeni mmoja, mama mwenye miwani ya kamba, akauliza, "Profesa alilijua hili?"

Mjomba, hilo sikulitegemea. Nilijiandaa kwa maswali ya hesabu, ya hilo sikujiandaa. Nikamtazama profesa. Alikuwa anaangalia mikono yake, na alionekana mzee. Nikasema, "Tulikuwa tumeanza kulizungumza."

Yule mama akaandika kitu. Akaniomba nakala ya ramani, nikampa. Wakaondoka mchana ule ule.

Namba imeondolewa. Kikundi hakijaongezewa muda, wamesema watafikiria. Profesa hanitukani, angenitukana ingekuwa afadhali. Ananipita kwenye korido akisema "habari" kama tuko benki. Jana msimamizi wa kituo alikuja kuniuliza kwa adabu nitakiacha chumba lini, kwa sababu kuna mtu anakuja mwezi wa Agosti. Ndivyo nilivyojua. Mpishi amesikia, tangu jana ananiwekea nyama mbili.

Sijutii kusema. Nalala vizuri. Lakini nitakuambia kweli, mjomba, kwa sababu wewe ndiye niliyemshika mkono katika haya yote: nilidhani mwishoni kutakuwa na kitu. Si lori. Kitu kidogo tu. Mtu mmoja kunishika bega.

Sijamwandikia mama. Sijui nitamwambia nini. Niandikie habari za safari, hata za uongo kidogo za kunogesha. Uko wapi sasa, umebeba nini? Niambie tu kwamba kuna watu husema kweli na mambo yakawaendea vizuri, hata kama ni mmoja kwenye yadi nzima. Hilo litanitosha hadi nifike nyumbani.

Mpwa wako


8 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Marahaba sana.

Mama yako hajambo. Nimemwambia mimi, usinikasirikie, sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Alikuwa anatia uzi sindano. Akasikiliza yote, akauliza, "Alisema mbele ya watu?" Nikasema ndiyo. "Hakulia?" Nikasema hajaandika kwamba alilia. Akatia uzi mara moja tu, ukapita, akasema, "Basi mwambie aje, nimpime gauni, atakuwa amekonda." Halafu akamwita yule paka mbaya akamkalisha mapajani, na sikumwona tena uso hadi jioni.

Kwa hiyo njoo. Usikae huko ukisalimiwa kama benki. Chumba cha nyuma nimekipunguza vitu, nimetoa makopo ya rangi na tairi, nimeweka meza upande wa dirisha. Utalala na mama yako, na meza ni yako. Yule mama wa miwani, mwandikie. Mtu haombi ramani ili afungie kitumbua—

Nimekata hapo, naona nimeanza utani, na leo sitaki utani unipitishe pembeni. Alichukua ramani kwa sababu anaitaka. Mwandikie.

Umenisifu, mpwa wangu, na mimi ni mtu wa kupenda sifa, unanijua. Ukinisifu asubuhi nashiba hadi usiku. Lakini ile sehemu uliyomfunika profesa wako, "tulikuwa tumeanza kulizungumza", nimeisoma nikaiweka barua chini. Mimi ningemtaja. Ningemtaja na kumwonyesha kwa kidole. Wewe una moyo kuliko mimi, na sijui umeutoa wapi, kwa mama yako labda.

Barua ya neno refu haiko ofisini kule chini. Usiitafute. Sikuiandika. Niliianza, mpwa wangu, zaidi ya mara moja, na kila nikifika kwenye neno lenyewe namwona mtoto wa dada yangu amesimama mbele ya mabingwa, ameshika kitu kimoja tu asianguke, na mimi ndiye nataka kukivuta. Nikasema, ngoja apite kwanza. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Kuna na mbaya: niliona haya. Huku wote wanajua. Wewe peke yako duniani ulikuwa unadhani mjomba wako ana kiyoyozi, na nilipenda kuwa mtu huyo.

Ulistahili kujua kabla ya siku ile. Labda ungesema vilevile, nakujua, lakini ungesema ukijua bei. Mimi niliificha. Na sasa unaniomba nikuambie kwamba kuna mmoja yalimwendea vizuri, hata kwa uongo kidogo. Naweza. Uongo ninao mwingi, mzuri, wenye magurudumu kumi na nane. Ila umetoka kupoteza nafasi yako kwa sababu hukutaka namba nzuri isiyo ya kweli, halafu mimi nikutumie nyingine kwa posta?

Maneno ya yadini ni yangu, yote. Karatasi ya uongo, panda na mimi, mlima haumo. Fundi kweli alitoa kichwa chini ya tela. Lakini Bwana Wastani hakucheka. Alisema, "Mlima ukikusumbua, kaa chini." Akanyoosha mkono nimpe funguo za lori langu kuukuu, nikampa. Hakuna aliyenishika bega. Karatasi bado iko ukutani. Tangu Januari naosha malori ya wenzangu pale nyuma ya kituo cha mafuta, na nalala kwa dada yangu.

Lori jipya halipo. Halikuwahi kuwepo.

Mjomba wako